Gari Kuukuu Linapodondosha Oili: Ushauri kwa Madereva wa Ngaremara

Swali hili hurudi kila jua linapokaza, na wanaoliuliza wengi ni watu wa kando ya barabara ya A2: Ngaremara, Daaba, Archers Post. Gari limekula miaka. Ni Probox ya kubebea mbuzi na mitungi ya maji, au Corolla 110, au Hilux iliyopita mikononi mwa watu wengi. Asubuhi likiondoka, pale lilipolala pamebaki doa jeusi mchangani. Fundi wa kwanza anasema injini ifunguliwe yote. Wa pili anasema hiyo ni kawaida ya gari la zamani, ongeza oili uendelee na safari. Mwenye gari anauliza amsikilize nani.

Kwa kawaida, asimsikilize yeyote kati yao mpaka apime. Doa dogo haliui injini. Kinachoiua ni kiwango cha oili kushuka bila mwenyewe kujua, kisha siku moja akaikanyaga moto mchana hadi Laisamis. Kwa hiyo makala haya yanaanza na kupima, kisha yanatafuta chanzo, na ndipo yanafika kwenye spana.

Hakikisha kwanza ni oili ya injini

Weka katoni safi chini ya gari usiku, uipige alama ya upande wa mbele, kisha asubuhi uisome:

- Kahawia au nyeusi, yenye utelezi: oili ya injini.
- Nyekundu: mara nyingi ni ya giaboksi ya otomatiki au ya usukani.
- Kijani au waridi, na harufu tamutamu: maji ya rejeta yenye kizuia kutu.
- Nyepesi, karibu na gurudumu: huenda ni oili ya breki. Gari hilo lisitoke nyumbani.
- Maji matupu: ni ya eyakondishena. Kwa joto la huku hutiririka hasa, na wapo waliokimbilia gereji kwa sababu yake.

Tahadhari moja kuhusu vumbi. Kwenye murram ya kwenda Gotu, oili kidogo inayotoa jasho tu kwenye gasketi hushika vumbi, na baada ya majuma machache injini huonekana imepakwa tope. Inatisha kuliko ilivyo. Injini yenye tope kavu la oili si lazima iwe inavuja leo, kwani tope hilo huenda ni la mwaka juzi, la filta iliyofungwa vibaya.

Pima kabla hujashika spana

Dipstiki ndiyo shahidi wako. Ipime asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, na kila mara upime kwa namna ileile. Chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Andika kwenye daftari tarehe, kilomita na kiwango. Ukiongeza oili, andika umeongeza kiasi gani.

Kwenye magari mengi madogo, kati ya alama ya chini na ya juu pana takriban lita 1. Injini ya 1NZ ya Probox hubeba lita 3.7 pamoja na filta. Ukipoteza lita 1, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda, na ile iliyobaki inafanya kazi ya yote na kupata joto zaidi.

Mimi hugawa hivi:

- Chini ya robo lita kwa kilomita 1,000: safisha, angalia kila wiki, usitumie pesa bado.
- Kati ya robo na nusu lita: tafuta chanzo mwezi huu, usingoje sevisi ijayo.
- Zaidi ya nusu lita, au matone yanaangukia eksozi: usitoke kwenda mbali mpaka itengenezwe.

Kuna watakaosema vitabu vya baadhi ya watengenezaji hukubali injini kula hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Ni kweli, lakini hiyo ni oili inayoungua ndani ya injini. Inayovuja ina tabia nyingine: leo tone, kesho mchirizi.

Hapo pana mtego. Dipstiki haisemi oili imeungua au imevuja. Kiwango kikishuka na katoni ikabaki kavu, mwombe mtu asimame nyuma ya gari unapoliwasha asubuhi. Moshi wa bluu unaonyesha ringi zimelika au sili za valvu zimechoka, na gasketi zote za Isiolo hazitakusaidia.

Kuhusu taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili: haipimi kiwango. Inapima presha. Ikiwaka ukiwa mwendoni, injini imekwisha kukosa oili kwenye bearingi zake, na kila sekunde unayoongeza inalipiwa. Anayengoja taa ndipo apime amechelewa.

Kutafuta chanzo

Kosa kubwa la mafundi wengi ni kulala chini ya gari, kuona sampu imelowa na kutangaza kuwa gasketi ya sampu imekufa. Oili hushuka, na gari likikimbia upepo huisukuma nyuma. Panapolowa sana ni pale oili inapoishia. Inakotoka ni juu zaidi na mbele zaidi.

Fanya hivi:

1. Injini ikiwa baridi, funika alteneta, distributa au koili kwa mifuko ya plastiki.
2. Safisha kwa brashi na sabuni ya kuondoa grisi, kisha suuza kwa maji ya kawaida. Usitumie petroli hata kidogo. Ukienda kuosha gari mjini, waambie wasielekeze maji ya presha kwenye nyaya.
3. Acha ikauke kabisa. Kwa jua la Ngaremara haichukui muda.
4. Injini ikiwa baridi na kavu, nyunyizia poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Poda ikilowa huacha njia inayoonekana.
5. Endesha dakika 15 hadi 20, zima, kisha angalia kwa tochi ukianzia juu. Eneo la kwanza kulowa, ukitoka juu kwenda chini, ndilo chanzo.

Usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Jeki huteleza, na mawe ya huku hupasuka yakibeba uzito. Tumia stendi za chuma, uzuie magurudumu yaliyobaki chini, na gari liwe mahali pagumu, si kwenye mchanga wa laga. Kama huna stendi, kazi ya chini mwachie mwenye nazo. Mengi ninayoyaeleza hapa hufanywa ukiwa umesimama mbele ya boneti.

Anza na vya bei ndogo

Mpangilio huu unafuata mfuko. Usiruke hatua hata kama fundi ana haraka.

*Filta ya oili.* Ikiwa uvujaji ulianza baada ya sevisi, angalia hapa kabla ya kwingine. Raba ya filta ya zamani wakati mwingine hubaki imeng'ang'ania kwenye injini, filta mpya ikafungwa juu yake, raba mbili zikakaa pamoja. Hiyo inaweza kumwaga oili yote kwa safari moja. Filta hupakwa oili kidogo kwenye raba na kufungwa kwa mkono.

*Nati ya kumwagia oili.* Washa yake hubanwa mara moja ikashika umbo. Weka mpya kila sevisi. Wengi huikaza nati zaidi badala ya kubadilisha washa, na sampu ikiwa ya alumini, uzi unakwisha. Hapo tatizo la shilingi chache limekuwa la sampu nzima.

*Swichi ya presha ya oili.* Huvujia katikati, kwenye plastiki ya waya. Chomoa plagi ya waya. Ukikuta oili ndani, umempata. Ni kazi fupi.

*Valvu ya PCV na paipu yake.* Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo pesa nyingi hupotelea. Injini hupumua. Gesi zinazopenya ringi huingia sehemu ya chini ya injini, na valvu hii ndiyo inayozitoa. Ikiziba kwa masizi, presha hujaa ndani na kutafuta pa kutokea, nayo hutokea kwenye sili dhaifu kuliko zote. Fundi akibadilisha sili hiyo bila kugusa valvu, presha huhamia inayofuata. Mwenye gari husema fundi ni mwizi, fundi husema spea ni bandia, kumbe wote wamemsahau mdogo huyu aliyekaa juu ya kifuniko cha tapeti. Ichomoe uitikise. Nyingi zikiwa nzima hulia ndani; isiyolia imeziba. Angalia pia paipu yake kama imepasuka au imelainika.

Kipimo kingine: injini ikinguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke kipande cha karatasi juu ya mdomo. Karatasi ikitulia au kuvutwa kidogo, ni sawa. Ikirushwa kwa nguvu na moshi ukafuata, valvu imeziba au ringi zimechoka. Weka valvu mpya kwanza, upime tena.

*Raba za mviringo.* Corolla 110 zenye distributa huvujia pale distributa inapoingia kwenye injini. Injini ya 1ZZ huvujia kwenye kikazio cha cheni ya taimingi, upande wa puli. Zote mbili ni raba ndogo. Mara nyingi watu huuziwa kazi ya gasketi ya hedi kwa ajili ya raba unayoweza kuificha kiganjani.

Gasketi ya kifuniko cha tapeti

Hii ndiyo inayovuja kuliko zote kwenye magari ya zamani, na kwa mtu mwenye utulivu inawezekana kufanyika nyumbani. Ishara zake ni harufu ya oili inayoungua ukisimama baada ya safari, moshi mwembamba upande wa eksozi, au oili ndani ya mashimo ya plagi.

1. Injini iwe baridi. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya au paipu yoyote.
2. Legeza boliti kidogokidogo kutoka nje kwenda katikati. Kifuniko kikigoma, kigonge kwa nyundo ya raba. Usichokoe kwa bisibisi; mkwaruzo wake ndio utakaovuja baadaye.
3. Toa gasketi ya zamani na masalia yote. Raba iliyovunjika kama biskuti huacha vipande, na kimoja kikiangukia ndani kinaweza kuziba njia ya oili. Ziba matundu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.
4. Futa pande zote mbili mpaka ziwe kavu.
5. Pachika gasketi mpya, pamoja na raba za mashimo ya plagi kama zipo.
6. Silikoni huwekwa kiasi cha punje ya hindi kwenye kona tu, pale kava ya taimingi inapokutana na hedi. Usizungushe gasketi yote. Inayobanwa ndani hukatika na kwenda kuziba kichujio cha sampu.
7. Kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa nguvu ndogo. Boliti hizi hukazwa takriban Nm 10, yaani kwa mkono mfupi wa spana. Zikivunjika, umejinunulia siku mbaya.
8. Iache silikoni ikae kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuwasha.

Na kabla ya kununua gasketi mpya, jaribu kukaza boliti zilizopo. Wakati mwingine zimelegea tu.

Sili za krenki

Sili ya mbele, nyuma ya puli, si ghali, lakini kwa injini yenye mkanda wa taimingi usiicheleweshe. Oili hulainisha mkanda, nao ukikatika gari limelala. Ukibadilisha sili, badilisha mkanda palepale.

Sili ya nyuma ni hadithi nyingine. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, lakini giaboksi lazima ishushwe. Ikiwa inatoa jasho tu, subiri mpaka klachi iishe, uvifanye vyote kwa gharama moja ya kushusha. Lakini klachi ikianza kuteleza, injini ikapanda sauti na gari lisiende, oili imefika kwenye sahani. Hapo usisubiri.

Mnayoniuliza, na mnayobisha

*"Fundi ameniambia niweke oili nzito, 20W-50."* Kwa injini ya zamani na joto la kwenu huenda ikafaa, mradi kitabu cha gari kinairuhusu. Inapunguza matone, haiponyi raba iliyokauka. Injini zenye VVT-i, kama 1NZ, hutumia presha ya oili kupanga valvu, na oili nzito kupita kiasi huzichelewesha. Kama huna safari za alfajiri kutoka Timau kwenye baridi, panda hatua moja tu.

*"Kuna dawa ya kuzuia kuvuja ya kumiminia."* Hulainisha na kuvimbisha raba, hivyo inaweza kusaidia sili iliyokakamaa, nayo huchukua mamia ya kilomita kabla ya kuonekana. Haisaidii gasketi iliyochanika wala boliti iliyolegea. Weka mara moja, usirudie rudie. Raba ikilainika kupita kiasi haina marejeo. Akitokea wa kukushauri utie oili ya breki ndani ya injini ili sili zivimbe, funga boneti uondoke.

*"Sabuni ya kipande ilizuia tanki la petroli, kwa nini isizuie hapa?"* Kwa sababu sabuni haistahimili oili ya moto. Jiwe likitoboa sampu, gundi ya chuma ya epoksi kwenye mahali palipofutwa grisi yote yaweza kukufikisha Isiolo. Ni ya kukufikisha tu.

*"Oili mpya inavuja kuliko ya zamani, basi nisibadilishe."* Oili mpya husafisha masizi yaliyokuwa yameziba ufa. Ufa ulikuwapo. Ukiacha sevisi kwa sababu hiyo, masizi yataziba valvu ya PCV na kichujio, na utarudi tulikoanzia.

*"Mimi huongeza kila wiki, kwa hiyo oili yangu ni mpya daima."* La. Uchafu na filta ni vilevile. Kuongeza si sevisi.

*"Nijaze zaidi ya alama ili nisilazimike kupima."* Oili iliyozidi hupigwa na krenki ikawa povu, presha hupanda, na sili nzima zinaanza kuvuja.

Ukienda kwa fundi

- Mwambie akuonyeshe chanzo kwa tochi, baada ya kusafisha. Asipokubali kusafisha, tafuta mwingine.
- Nunua spea kwa namba ya injini. Probox zipo za 1NZ na za 2NZ. Corolla 110 zina injini kadhaa tofauti. Jina la gari pekee halitoshi.
- Gasketi ya kukatwa kwa karatasi ni sawa kwa vifuniko bapa. Kwa kifuniko cha tapeti kinachotaka raba, usikubali.
- Dai spea ya zamani mkononi mwako.
- Asifungue sehemu mbili kwa siku moja. Utajuaje ipi ilikuwa mbovu?

Kabla ya kushika njia ya kaskazini

Tangu lami ikamilike kutoka Isiolo hadi Moyale, kilomita 500 hivi, watu huendesha kwa kasi ambayo zamani mawe yalikataza. Injini huzunguka haraka kwa saa nyingi, oili huwa nyepesi kwa moto, na tone la kijijini hugeuka kuwa mchirizi. Gari linalovuja kidogo kwa safari za sokoni Isiolo halijathibitisha chochote kuhusu safari ya Marsabit.

Beba lita 2 za oili ya aina ileile, kitambaa, tochi, chupa iliyokatwa iwe faneli, na maji ya kunywa. Simama upime Archers Post, Laisamis na Marsabit. Egesha pasipo na nyasi kavu. Oili kwenye eksozi ya moto na nyasi chini ni mwaliko wa moto. Zima, ngoja dakika 5 hadi 10, ndipo usome dipstiki. Miminia kidogokidogo ukipima, wala usimwage lita nzima kwa kukisia.

Taa nyekundu ikiwaka, toa gari barabarani na uzime hapohapo. Usiseme utajisukuma mpaka kituo kinachofuata. Dipstiki ikiwa kavu, ongeza na uwashe. Taa isipozima mara moja, ita gari la kuvuta. Na kama ni jioni karibu na lango la Ngare Mara la hifadhi ya Buffalo Springs, usilale chini ya gari kutafuta tone. Wanyama huvuka pale.

Oili chafu

Kila unachomwaga kina mahali kinapoishia. Laga kavu leo ni mto msimu ujao, na maji yake huteremka kuelekea Ewaso Ng'iro, ambako mifugo hunywa. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliihesabu oili iliyotumika kuwa taka ya hatari. Usiwapake mbuzi kwa ajili ya kupe au upele: ina metali na masizi, na wao hujilamba. Usiimwage kwenye nguzo za boma lililo karibu na kisima.

Iweke kwenye mtungi wenye kifuniko, uuandike kwa rangi usije ukachanganywa na wa maji ya kunywa, kisha uupeleke kwenye gereji ya mjini inayokusanya oili kwa ajili ya wanaoisafisha upya. Filta iache ichuruzike kwanza, ikiwa imepinduliwa juu ya mtungi usiku kucha. Katoni uliyopimia matone iende nayo.